UZI: Mvua ya Hiroshige katika daraja la Ohashi (1857) ni kazi ya mkono wa nani?

Mtazamapicha (mleta uzi):

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Katika jukwaa hili wachoraji wa Ulaya wamejadiliwa mara nyingi, nami leo naomba tuitazame karatasi moja ya Kijapani, tena tuitazame polepole. Ilichapishwa mwezi wa tisa wa mwaka 1857, kwa kalenda ya Kijapani ya wakati ule, katika mji wa Edo ambao sasa ni Tokyo. Mchoraji wake ni Utagawa Hiroshige, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kama "Mvua ya ghafla ya jioni, Ohashi na Atake". Ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, kwani urefu wake haufiki sentimita 40 na upana wake ni kama sentimita 25 tu.

Ndani yake kuna daraja la mbao lililokatiza mto Sumida kwa mshazari. Watu wachache wanalivuka huku wamejiinamia, baadhi yao chini ya miavuli, mwingine amejifunika mkeka wa majani, na hakuna hata mmoja ambaye uso wake unaonekana. Mtoni yupo mtu mmoja juu ya chelezo cha magogo, anasukuma pondo lake bila haraka. Ng'ambo ya pili, upande wa Atake, majengo na miti vimebaki kuwa kivuli cha kijivu, na ukingo huo nao umelala kwa mshazari usiolingana na ule wa daraja, kiasi kwamba jicho halipati mstari hata mmoja ulionyooka wa kujishikiza. Juu kabisa kuna wingu jeusi, na kuanzia hapo hadi chini ya karatasi, juu ya daraja, mto, watu na ng'ambo, kuna mistari myembamba ya mvua.

Hoja ninayoileta ni hii: mvua hiyo ndiyo iliyoifanya picha kuwa mashuhuri duniani, lakini mkono wa Hiroshige haujagusa hata tone lake moja kwenye karatasi tunayoiona. Yeye alichora kwa brashi mchoro wa mwongozo, na mchoro huo ukaharibiwa kazini, kama ulivyokuwa utaratibu. Mistari ilichongwa na mchongaji, ikapigwa chapa na mpiga chapa, na gharama zote zilibebwa na mchapishaji aliyeitwa Uoya Eikichi. Kwa hiyo anayeisifu mvua hii kwa jina la Hiroshige peke yake, kwa maoni yangu, amesifu nusu ya kazi.

Picha yenyewe ni moja katika mfululizo uitwao "Mandhari Mia Moja Mashuhuri za Edo", ambao Uoya Eikichi alianza kuutoa mwaka 1856. Mia moja ni jina tu. Orodha ya yaliyomo ina picha 118, zikiwa zimepangwa kwa majira: 42 za masika ya Kijapani, 30 za kiangazi, 26 za vuli na 20 za majira ya baridi. Baadaye mwanafunzi wa Hiroshige aliongeza moja ya kwake. Hii yetu ni namba 58, nayo imewekwa katika kiangazi, kwa sababu mvua ya ghafla ya jioni kwa Wajapani ni jambo la kiangazi, ingawa mhuri wa tarehe ulio juu yake unaonyesha kwamba ilitoka vuli ikielekea kwisha. Mpangilio huo wa majira ulikuja baada ya mchoraji kufariki. Wakati wa uhai wake picha zilikuwa zikitoka moja moja, bila mpangilio wa majira wala wa mitaa, na mnunuzi alichukua iliyompendeza.

Mtazamapicha (mleta uzi):

Kabla sijaingia katika ufundi, naeleza kwa ufupi mchoraji alikuwa nani, maana maisha yake yanasaidia kuelewa ni kwa nini aliujua mji wa Edo kiasi kile.

Alizaliwa Edo mwaka 1797 katika familia ya Ando, familia ya samurai wa ngazi ya chini ambao kazi yao ya kurithi ilikuwa uangalizi wa zimamoto wa ngome ya shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Mwaka 1809 mama yake na baba yake walifariki wote wawili, na yeye, akiwa bado mtoto, akarithi wadhifa huo. Mji ule wa mbao na karatasi uliungua mara kwa mara, na wenyeji wenyewe walikuwa na msemo kwamba moto na ugomvi ndiyo maua ya Edo. Hata hivyo, ofisa wa zimamoto alibakiwa na muda mwingi kati ya moto mmoja na mwingine, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Kijana akatafuta mwalimu wa uchoraji. Inasimuliwa kwamba alianzia kwa Utagawa Toyokuni, aliyekuwa maarufu, akakataliwa kwa sababu wanafunzi walikwisha kujaa, ndipo akapokewa na Utagawa Toyohiro. Mwaka 1812 akapewa jina la Hiroshige.

Kwa miaka mingi hakuwa mtu wa kutajwa. Alichora warembo na waigizaji kama wenzake, na kwa kweli kazi zake za aina hiyo ni za kawaida. Jina lake lilipanda na mfululizo wa vituo 53 vya barabara ya Tokaido, iliyounganisha Edo na Kyoto, uliotolewa kati ya mwaka 1833 na 1834. Hokusai, aliyekuwa mkubwa kwake kwa takriban miaka 37, alikuwa ametangulia kidogo kuonyesha kwa picha zake za mlima Fuji kwamba mandhari peke yake, bila mwigizaji wala mrembo, inaweza kuuzika. Tofauti yao naiona hivi: Hokusai anakuonyesha umbo la mlima na la wimbi, Hiroshige anakuonyesha hali ya hewa. Tayari katika Tokaido kuna kituo cha Shono, ambapo mvua ya mshazari inawafukuza wapita njia mlimani na mianzi imeinama nyuma yao. Muda mfupi baadaye, katika picha ya msonobari mkubwa wa Karasaki kando ya ziwa Biwa, mvua ya usiku inashuka wima, nzito, bila upepo. Kwa hiyo ilipofika mwaka 1857 alikuwa ameichora mvua kwa zaidi ya miaka 20, na alijua kwamba kila mvua ina mwendo wake.

Kuna jambo lingine. Tarehe 11 Novemba 1855 tetemeko kubwa liliipiga Edo, likaua maelfu na kufuatiwa na moto. Picha za kwanza za mfululizo huu zilitoka miezi michache tu baadaye, na ndiyo maana wapo wataalamu wanaouona kama kumbukumbu ya mji uliokuwa ukijengwa upya. Mimi nawaunga mkono kwa tahadhari, kwa kuwa magofu hayaonekani humo karibu kabisa. Ama mchoraji aliwafariji wenzake, ama mchapishaji alijua kwamba magofu hayanunuliwi.

PatasiNyembamba:

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni fundi wa kuchonga mbao na ninayo maswali ya kifundi. Mstari mwembamba namna hiyo kwenye mbao una njia mbili: ama unauchimba uwe mfereji, ama unauacha umesimama na kuondoa mbao iliyouzunguka. Kama ni mfereji, kazi ni nyepesi, lakini mstari ungetokea mweupe. Hapa mvua ni nyeusi, kwa hiyo lazima umesimama. Je, walitumia mbao gani isiyomeguka? Maana kinundu chembamba kama hicho kikienda kinyume na nyuzi za mbao, patasi ikiteleza kidogo tu kimekwenda.

Mtazamapicha (mleta uzi):

Fundi, umegusa penyewe. Mistari imesimama. Kila uzi wa mvua unaouona ni kinundu cha mbao kilichoachwa baada ya kila kitu kukizunguka kuondolewa.

Mbao ni ya mcheri wa milimani, mgumu, wenye nyuzi zilizobana na zinazolingana. Ilipasuliwa kwa urefu wa shina, si kwa kulikata gogo kwa kukingama, kwa hiyo mchongaji alikabiliana na mwelekeo wa nyuzi katika kila mstari aliouacha. Utaratibu ulikuwa hivi: mchoraji alitoa mchoro kwa wino kwenye karatasi nyembamba, mkaguzi wa serikali aliupiga mhuri, kisha mchongaji akaubandika kwa gundi ya wali kwenye ubao, upande wenye wino ukielekea chini. Alisugua mgongo wa karatasi mpaka ikabaki utando unaopenya mwanga, mistari ikaonekana kinyume, naye akachonga kupitia humo humo. Kwa kisu alikata pande zote mbili za mstari, kisha kwa patasi na nyundo ya mbao akaondoa sehemu zisizotakiwa. Mchoro wa asili ulimalizika hapo. Ndiyo maana michoro ya mwisho ya brashi ya Hiroshige kwa picha zilizochapishwa ni nadra; iliyosalia kwa kawaida ni ile ambayo haikufika kuchongwa.

Kutokana na ubao huo wa mistari zilipigwa nakala za majaribio, mchoraji akaonyesha kwenye kila moja mahali pa rangi fulani, na kwa kila rangi ukachongwa ubao wake. Ili rangi zisipishane, kila ubao ulikuwa na alama mbili za kuelekezea karatasi, ziitwazo kento: moja pembeni yenye umbo la kona, nyingine mstari mfupi kwenye ukingo. Mpiga chapa aliegemeza karatasi kwenye alama hizo kila mara, na karatasi moja ingeweza kupita juu ya mbao zaidi ya mara kumi.

Sasa mvua ya Ohashi. Ilichongwa kwenye mbao mbili. Mmoja una mistari ya mwelekeo mmoja, mwingine una mistari inayotofautiana nayo kidogo sana, na wino wake haulingani kwa weusi. Mistari hiyo inapokutana kwenye karatasi inakatana kwa pembe nyembamba mno, na hapo ndipo jicho linapohisi kwamba mvua inatikisika. Ukiitazama nakala nzuri kwa kioo cha kukuzia utaona kwamba hakuna fumbo lolote lingine. Ni seti mbili za mistari iliyonyooka.

Katika karakana hizo kazi iligawanywa kwa cheo. Wanafunzi walichonga mbao za rangi na kusafisha sehemu pana, ilhali mchongaji mkuu alibaki na nyuso, nywele na mistari ya hatari. Mtu alijifunza kwa takriban miaka kumi kabla ya kukabidhiwa kazi kama hii. Karatasi nayo ilikuwa na sehemu yake: ilitengenezwa kwa maganda ya mti wa jamii ya mforosadi, yenye nyuzi ndefu, hivyo ilistahimili kuloweshwa na kusuguliwa mara nyingi bila kuchanika.

Mwalimu_wa_Historia:

Ndugu mleta uzi, maelezo ni mazuri, ila hitimisho lako silikubali. Msanifu wa jengo hafyatui matofali, wala mtunzi wa taarabu hapigi kila ala, na bado tunasema jengo ni la fulani na wimbo ni wa fulani. Aliyeamua kwamba daraja litakatiza hivi, kwamba ukingo wa mbali utalala vile, kwamba nyuso zifichwe na kwamba mvua ipite juu ya yote, ni Hiroshige. Mchongaji alifuata. Mchongaji huyo huyo akipewa mchoro mbovu, angechonga ubovu kwa ustadi. Tena karatasi yenyewe imebeba jina la Hiroshige. Watu wa Edo wenyewe walijua wananunua kazi ya nani.

Mtazamapicha (mleta uzi):

Mwalimu, nakubali sehemu ya kwanza bila kusita. Uamuzi ulikuwa wake, na ni uamuzi mkubwa. Hata hivyo karatasi hiyo haina jina lake tu: ina pia alama ya mchapishaji, mhuri wa ukaguzi na mhuri wa tarehe wa mwaka wa nyoka, yaani 1857 kwa hesabu yetu. Aliyelipa ametajwa, aliyekagua ametajwa. Waliochonga na kupiga chapa ndio wasiotajwa. Huo ni utaratibu wa biashara ya wakati ule, wala si hukumu kuhusu nani alifanya nini.

Pia neno "alifuata" linamtosha mchongaji pengine, lakini halimtoshi mpiga chapa. Lichukue lile wingu jeusi la juu. Halimo kwenye ubao. Mahali pale ubao ni bapa kabisa, hauna mchongo wa wingu. Mpiga chapa aliulowesha kwa maji, akaweka rangi kwa brashi, akaiacha ienee hadi pale alipotaka ififie, kisha akalaza karatasi na kuisugua kwa kibao bapa cha mviringo kilichofungwa gamba la mwanzi, kiitwacho baren. Hakukuwa na mashine. Karatasi iliyofuata alianza upya, maji kiasi kingine, wingu umbo lingine. Ufifishaji wa namna hiyo Wajapani wanauita bokashi, na kwa sababu ya kazi hiyo hakuna nakala mbili za picha hii zenye wingu moja. Zipo ambazo wingu limeshuka kwa ncha zilizochakaa na kutisha, na zipo ambazo ni mkanda uliopakwa kwa uvivu, mnyoofu, kama doa la masizi. Mchoro ni ule ule, mbao ni zile zile, na bado moja ni kazi bora na nyingine ni bidhaa.

Mfano wa wazi zaidi ni picha yake ya theluji ya usiku huko Kambara, katika ule mfululizo wa Tokaido. Nakala zake ziko za aina mbili: katika aina moja giza liko juu ya anga na kufifia likishuka, katika nyingine giza liko chini, nyuma ya mapaa na milima, na anga ya juu ni nyepesi. Ni mandhari mbili za usiku tofauti zilizotoka kwenye mchongo mmoja. Ukiniuliza ipi ni ya Hiroshige, nitakuuliza nawe aina ipi uliyoiona kwanza, maana watu wengi hushikilia ile waliyoizoea.

Kwa hiyo mfano wako wa msanifu naupokea, ila wa taarabu umenisaidia mimi zaidi kuliko wewe. Wimbo ule ule ukipigwa na kundi dhaifu hausikiki kuwa wimbo ule.

Mwalimu_wa_Historia:

Hapo kwenye wingu umenibana, nakiri. Ila bado swali la mchapishaji linanisumbua. Umemtaja kama mlipaji tu. Je, Uoya alikuwa na sauti gani katika picha yenyewe?

Mtazamapicha (mleta uzi):

Sauti kubwa, kwa sababu kila ubao na kila rangi ya ziada ilikuwa gharama yake. Mchapishaji ndiye aliyeagiza mfululizo, akachagua karakana, akaamua mbao ngapi zichongwe na rangi za bei gani zitumike. Picha moja ya ukubwa huu iliuzwa kwa bei ya bakuli moja au mawili ya tambi za mtaani, hivyo faida ilitokana na wingi. Mpangilio wa kawaida ulikuwa kuanza na nakala zipatazo 200, kazi ya mpiga chapa kwa siku moja hivi, na zikiuzwa mbao hurudishwa kazini. Kwenye nakala za mwanzo mchoraji au mchapishaji alikuwa karibu, kwa hiyo zina ufifishaji wa tabaka nyingi na rangi za gharama. Zikishapendwa, haraka huingia, hatua hupunguzwa, na mbao huanza kulika.

Mvua huumia mapema. Kinundu chembamba kikilowa na kukauka mamia ya mara hutuna au kumeguka, na kwenye nakala za baadaye utaona mistari iliyonenepa na mingine iliyokatika katikati ya safari. Ndiyo sababu nilisisitiza tangu mwanzo kwamba tuitazame karatasi, maana "picha ya Ohashi" kama kitu kimoja haipo. Ziko nakala, na kila nakala ina hadhi yake.

Msafiri_Uholanzi:

Habari zenu. Mimi ninaishi Uholanzi na picha hii niliifahamu kwanza kupitia kwa Vincent van Gogh, ambaye aliinakili kwa rangi za mafuta. Turubai hiyo iko katika jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Amsterdam. Nilipoiona sikujua kwamba ni nakala ya kitu kingine, na nilidhani ameitunga mwenyewe. Rangi zake zina nguvu kuliko za Hiroshige, na pembezoni amezungusha fremu iliyopakwa herufi za Kijapani. Je, herufi hizo zinasema nini kuhusu daraja? Na je, kwa hoja yako, Van Gogh alimnakili Hiroshige au alimnakili mchongaji?

Mtazamapicha (mleta uzi):

Dada au kaka Msafiri, swali lako la pili ni zuri kiasi kwamba natamani ningelifikiria mimi.

Van Gogh alifanya nakala hiyo Paris mwaka 1887. Yeye na ndugu yake Theo walikusanya mamia ya picha za chapa za Kijapani, nyingi zikinunuliwa kwa mfanyabiashara Siegfried Bing, na mwaka huo huo alizitundika baadhi yake katika mkahawa wa Le Tambourin. Mwaka huo pia alinakili bustani ya miplamu ya Kameido, ambayo inatoka katika mfululizo huu huu. Herufi za kwenye fremu hazisemi lolote kuhusu daraja. Alizinakili kutoka kwenye picha nyingine za chapa kama pambo, bila kujua kuzisoma.

Sasa tazama mvua yake. Kwa rangi ya mafuta hakuwa na namna ya kupata mstari mkali ulionyooka kutoka juu hadi chini kwa mkandamizo mmoja, kwa hiyo alivuta michirizi kwa brashi juu ya rangi nyingine, na michirizi hiyo ni michache, ina unene, inapinda kidogo, inaanza na kuisha. Maji ya mto ameyapa mawimbi ya brashi, ilhali kwa Hiroshige mto ni uwanja mtulivu wa buluu unaokolea karibu na daraja na kufifia katikati. Alipata daraja, alipata watu, alipata mtu wa chelezo. Yaani alipata kila kitu ambacho kilikuwa cha Hiroshige. Alichoshindwa kukihamisha ni kile cha mchongaji na cha mpiga chapa. Sisemi hivyo kumshusha, kwa sababu turubai yake naipenda kwa mambo yake mengine, hasa ile kijani aliyoithubutu. Ila kwa mjadala wetu, nakala hiyo ni ushahidi wangu bora kuliko maneno yote niliyoandika juu.

Mwalimu_wa_Historia:

Umemtumia Van Gogh kunimaliza. Sawa. Basi nieleze hiyo buluu, maana nimesoma mahali kwamba haikuwa ya Kijapani.

Mtazamapicha (mleta uzi):

Ni kweli, Mwalimu. Ni rangi iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ndiyo maana huitwa buluu ya Berlin au ya Prussia. Iliingia Japani kupitia Nagasaki kwa meli za Waholanzi, ikiwa ghali, na ilipoanza kuletwa kwa wingi na wafanyabiashara wa Kichina mwishoni mwa miaka ya 1820 bei yake ilishuka hadi wachapishaji wa picha za bei ya tambi wakaimudu. Kabla ya hapo walitumia nili, ambayo ilikuwa na ukaidi wake, au rangi ya ua dogo la majani ambayo ilipauka kwa unyevu na mwanga. Ndiyo maana picha nyingi za karne ya 18 zina anga na mito iliyogeuka rangi ya mchanga.

Buluu mpya haikupauka upesi, na chembe zake zilikuwa laini mno, kwa hiyo ilifaa sana kwa bokashi: mpiga chapa angeweza kuishusha kutoka kwenye kina cha usiku hadi kwenye karatasi nyeupe bila kuacha mipaka. Bila rangi hiyo, mandhari za Hokusai na za Hiroshige zisingekuwa na maji tunayoyajua. Kuna sababu ya kisiasa pia. Mwaka 1842 serikali ya shoguni ilipiga marufuku picha za waigizaji na makahaba wa daraja la juu, marufuku ambayo baadaye ililegea, na katika kipindi hicho mandhari zilikuwa mali salama kwa mchapishaji asiyetaka mbao zake zichukuliwe.

PatasiNyembamba:

Mkuu, ninalo moja la mwisho. Mtandaoni nimeona nakala za Ohashi zikiuzwa kwa bei za kila namna, kuanzia za bei ya kitabu hadi za bei ya nyumba. Fundi kama mimi anayetaka kuiona mvua yenyewe kwa jicho lake afanye nini?

Mtazamapicha (mleta uzi):

Fundi, usinunue kwa haraka. Nyingi kati ya zile za bei ndogo ni picha za mashine. Zikuze kwa kioo: ukiona vitone vidogo vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni ofseti, haijawahi kugusana na ubao. Chapa ya mbao haina vitone. Ina rangi iliyoingia ndani ya nyuzi za karatasi, mara nyingi na mishipa ya mbao ikionekana katika sehemu pana za buluu, na ukigeuza karatasi nyuma utaona alama za kusuguliwa kwa baren na rangi iliyopenya.

Pia si kila chapa ya mbao ya picha hii ni ya mwaka 1857. Picha za Hiroshige zimechongwa upya mara nyingi tangu karne ya 19, na hadi leo zipo karakana Tokyo, mojawapo ikiwa taasisi ya Adachi, zinazochonga mbao mpya za mcheri na kupiga chapa kwa njia ile ile. Hizo haziuzwi kama za kale, na kwa mtu wa patasi nadhani zinafaa zaidi, kwa sababu mistari bado ni mikali na unaweza kuishika karatasi mkononi bila hofu.

Kwa za asili, jumba la makumbusho la Brooklyn lina mfululizo mzima wa nakala nzuri za mapema, ila mwanga huziua rangi, hivyo huzitoa kwa nadra. Mwaka 2024 walizionyesha zote baada ya kufungiwa kwa zaidi ya miaka 20. Afadhali, kwa sasa, ufungue hifadhi za picha za majumba hayo katika intaneti, za Brooklyn, za Metropolitan na za Chicago, uweke nakala mbili au tatu za Ohashi ubavu kwa ubavu na kuzikuza hadi kwenye wingu. Ukishafanya hivyo rudi hapa utuambie ni mpiga chapa gani ungemwajiri, na kama mbao za mvua ungezichonga wewe mwenyewe au ungemwachia mwanafunzi.

PatasiNyembamba:

Nimezifungua mbili sasa hivi. Ya kwanza wingu lake limekatwa kama kwa rula, huyo simwajiri. Mvua naichonga mwenyewe, ila nahitaji mbao iliyokauka vizuri na kisu ambacho sina. Nitauliza bei ya mcheri, na nikikosa nitajaribu kwa mpera.